Macho Yanapoona Mambo

Tuchukue matatu moja iliyotoka Nairobi saa moja jioni. Imeshapita Githurai na sasa inakaribia Ruiru. Dereva, kijana wa miaka thelathini na kitu, anaona kitone kinachometameta karibu na taa za gari lililo mbele. Kitone kinakua, kinageuka mstari wa kona kona kama meno ya msumeno, kinawaka rangi ya fedha na zambarau, na ndani yake barabara haionekani. Anaingiza gari pembeni na kuinamia usukani, moyo ukimwenda mbio. Anaamini anapofuka. Viti vitatu nyuma yake ameketi mama wa miaka sitini anayerudi Makongeni, Thika, na mzigo wa mitumba kutoka Gikomba. Tangu asubuhi ameona masizi yakielea mbele ya jicho la kulia, na kila akigeuza kichwa penye giza kuna mmweko pembeni, kama mtu anayempiga picha. Amefuta miwani mara mbili, haikusaidia, akaendelea na shughuli zake. Sasa kuna kivuli kidogo upande wa chini, karibu na pua. Hakuna kinachomuuma. Hajamwambia mtu.

Kati ya hao wawili, anayehitaji daktari wa macho usiku huohuo ni mama. Dereva alifanya vyema kusimama, lakini dalili yake ina uwezekano mkubwa wa kuisha yenyewe kabla abiria hawajamaliza kunung'unika. Ya mama haitaisha.

Hapa ndipo wengi hukosea, na si kwa ujinga. Binadamu hupima hatari kwa ukubwa wa kioja: kinachong'aa na kucheza kinamtoa mbio, kilicho kimya kinasubiri mwisho wa mwezi. Jicho halifuati kanuni hiyo. Maonyesho makubwa mara nyingi ni mepesi. Yanayokuja bila kelele wala maumivu, kwenye jicho moja, ndiyo huondoka na uwezo wa kuona. Kinachomsaidia daktari si ufundi wa kusimulia picha bali majibu ya maswali manne: jambo lilianza lini, linakaa muda gani, liko kwenye jicho moja au yote mawili, na linaandamana na nini mwilini. La tatu ndilo watu husahau kulijaribu, ilhali halihitaji kifaa. Ziba jicho moja kwa kiganja bila kulikandamiza, tazama, kisha ziba la pili.

Onyesho linalotoka kichwani

Dereva wetu angeziba jicho la kulia, kisha la kushoto, angekuta mstari uleule kwenye macho yote mawili. Angefumba yote mawili bado angeuona. Hiyo ni kwa sababu hautoki machoni. Unatoka sehemu ya nyuma ya ubongo inayopokea habari za kuona, na jina lake ni dalili tangulizi ya kipandauso.

Tabibu Mwingereza Hubert Airy alichora onyesho lake mwenyewe hatua kwa hatua na kulichapisha mwaka 1870. Michoro yake inafanana mno na maelezo ambayo daktari wa Thika anaweza kuyasikia leo: kitone, kisha upinde wenye kona kona kama kuta za ngome, unaopanuka kuelekea pembeni hadi unatoka nje ya uwanja wa kuona. Mwaka 1941 mwanasaikolojia Karl Lashley, naye akiwa mgonjwa wa kipandauso, alipima jinsi onyesho lake lilivyosogea na kukadiria kwamba ndani ya ubongo kuna wimbi linalotambaa milimita tatu hivi kwa dakika. Mwendo huo wa konokono ndio unaoeleza kwa nini kioja hiki hakiji mara moja. Hukua taratibu, hudumu kati ya dakika 5 na 60, kisha huondoka, na mara nyingi kichwa huanza kugonga baadaye. Wapo ambao kichwa hakiwaumi kabisa, nao ndio huogopa zaidi.

Bado kuna mipaka. Mtu anayeliona onyesho hili kwa mara ya kwanza baada ya kutimiza miaka 50, au ambaye limemkalia zaidi ya saa moja, au limeandamana na mkono uliolegea, mdomo uliopinda au ulimi mzito, asijiambie kwamba ni kipandauso. Aende hospitali upesi. Na mwanamke mwenye kipandauso cha aina hii anayemeza vidonge vya kupanga uzazi vyenye estrojeni amwambie mhudumu wake. Shirika la Afya Duniani linashauri atumie njia nyingine, kwa kuwa viwili hivyo vikikutana huongeza uwezekano wa kiharusi.

Masizi na pazia

Turudi kwa mama wa Makongeni. Ndani ya jicho, nyuma ya lenzi, kuna ute ulio karibu maji matupu, umeshikiliwa na nyuzi nyembamba za protini. Umri unavyosonga ute huyeyuka na kusinyaa, nyuzi hukusanyika, na vivuli vyake huangukia retina, yaani ule utando wa nyuma unaopokea mwanga. Mtu anaona nzi, uzi, pete au masizi yanayoelea, na akiyafuatia kwa jicho yanakimbia. Yaliyokuwepo miaka nenda miaka rudi, machache, yanayoonekana ukitazama anga au ukuta mweupe, kwa kawaida hayana neno.

Yanayoibuka siku moja kwa wingi ni habari nyingine. Ute unapojibandua kwenye retina huivuta, na retina haijui kusema kwa lugha ya maumivu. Inajua mwanga tu, kwa hiyo ikivutwa inaleta mmweko. Kwa wengi ute hujibandua salama. Lakini takriban mtu mmoja kati ya kumi wanaofika kliniki na dalili hizo za ghafla hukutwa retina imechanika. Wanaoona karibu tu na kuhitaji miwani mizito kwa mbali, waliowahi kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, na waliopigwa jicho kwa ngumi au mpira wako kwenye hatari zaidi.

Mchaniko ukikutwa mapema huzibwa kwa miale ya leza, kazi ya dakika chache, na mgonjwa analala kwake. Ukiachwa, maji hupenya chini yake na retina hubanduka kama plasta kwenye ukuta wenye unyevu. Hapo ndipo kivuli au pazia huingia kutoka pembeni. Kabla ya Jules Gonin wa Lausanne, Uswisi, kuonyesha mwanzoni mwa karne ya 20 kwamba tiba ni kuziba tundu lenyewe, mtu wa aina hii alihesabiwa kuwa ameshapofuka. Siku hizi hali inategemea zaidi pazia limefika wapi. Likiwa bado halijagusa kitovu cha retina, sehemu tunayosomea na kutambulia nyuso, upasuaji wa haraka unaweza kukiokoa. Likishapita hapo, retina inaweza kurudishwa mahali pake na bado herufi zikabaki zimepinda. Tofauti kati ya hali hizo mbili inaweza kuwa siku moja.

Kwa mwenye kisukari, masizi yana maana ya ziada. Mishipa dhaifu inayoota kwenye retina huweza kuvuja damu ndani ya ute, na mgonjwa akaona moshi, nyuzi nyekundu au utando wa buibui unaoshuka. Naye ni mgonjwa wa leo, hata kama kipimo cha sukari asubuhi kilikuwa kizuri.

Asubuhi ya Henry Wanyoike

Mwaka 1995 kijana mmoja wa mji wa Kikuyu, katika Kaunti ya Kiambu zilimo pia Ruiru na Thika, alilala akiona na kuamka akiwa amepoteza karibu uwezo wote wa kuona. Alikuwa mwanariadha wa umri wa miaka ishirini hivi, si mzee, na chanzo kilitajwa kuwa kiharusi. Henry Wanyoike alirudi kukimbia akiongozwa kwa kamba. Huko Sydney mwaka 2000 alishinda dhahabu ya mita 5,000 kwenye Michezo ya Olimpiki ya Walemavu akiwa karibu kumburuta msaidizi wake aliyeishiwa nguvu, na Athens mwaka 2004 akaongeza dhahabu mbili, za mita 5,000 na 10,000.

Watu wanamkumbuka kwa medali. Madaktari wanaweza kumtaja kwa sababu ya pili: kwamba kiharusi kinaweza kuanzia machoni, na kwamba ujana si kinga. Mshipa wa damu unaolisha retina ukizibwa na donge, jicho moja huzimika kama taa, bila maumivu, na seli za retina zinaweza kustahimili saa chache tu. Wakati mwingine donge hupita lenyewe. Pazia jeusi linashuka, linakaa dakika mbili tatu, linapanda, mtu anapangusa uso na kurudi kwenye kibanda chake. Giza lililoondoka ndilo linalodanganya kuliko yote, kwa sababu mtu aliyepona haendi hospitali. Kumbe ni onyo kwamba donge jingine laweza kuelekea ubongoni, pengine ndani ya siku chache. Mtu huyu asianzie duka la miwani. Aende kitengo cha dharura, apimwe presha, sukari, moyo na mishipa ya shingo.

Ndivyo ilivyo pia kwa anayeanza ghafla kuona vitu viwili viwili. Aliyeziba jicho moja na bado akaona viwili huenda ana tatizo la konea, yaani kioo cha mbele cha jicho, au la lenzi, jambo linaloweza kungoja siku chache. Viwili vikiungana kuwa kimoja mara tu jicho moja linapozibwa, maana yake macho hayatazami pamoja, na kosa linaweza kuwa kwenye mishipa ya fahamu au ubongo. Kope moja ikiwa imelegea na mboni ya jicho hilo imepanuka kuliko mwenzake, hiyo ni dharura ya saa hiyo.

Kuna giza jingine fupi zaidi, la sekunde chache, linalomjia mtu anapoinama kufunga kamba za viatu au anaposimama. Likija kwa mara moja moja baada ya kukaa sana, huenda ni presha iliyoshuka. Likirudiarudia, pamoja na kichwa kinachouma zaidi alfajiri na masikio yanayovuma, hasa kwa mwanamke kijana aliyeongezeka uzito, daktari atataka kutazama kama kuna shinikizo kubwa ndani ya fuvu.

Ukungu wa chupa

Kiambu na majirani zake wanaujua upofu mmoja ambao vitabu vingi vya nje huupa mistari miwili tu. Novemba 2000, pombe haramu ya mtaa wa Mukuru kwa Njenga, Nairobi, iliua zaidi ya watu 130 na kuwaachia wengine giza. Mei 2014 wimbi jingine lilipita katika kaunti kadhaa, zikiwemo Embu na Kiambu, na watu kadhaa walifariki. Februari 2024 zamu ikawa ya kijiji cha Kangai, Kirinyaga: watu 17 walikufa, na baadhi ya walionusurika walipoteza uwezo wa kuona.

Mhalifu ni methanoli. Yenyewe si kali sana, lakini ini likiishughulikia huigeuza kuwa asidi ya fomiki, sumu inayokata nishati katika neva ya jicho. Kazi hiyo huchukua muda, na ndiyo maana mnywaji wa Jumamosi huenda asione kitu hadi Jumapili, saa 12 hadi 24 baadaye, wakati mwingine zaidi. Wagonjwa wa Ulaya husema ni kama kutazama ndani ya dhoruba ya theluji. Mtu wa huku angesema ni kama ukungu mweupe wa Limuru ulioshuka mchana wa jua. Tumbo linauma, pumzi zinakwenda mbio, na marafiki wanamletea kikombe kingine cha pombe, eti cha kutoa uchovu wa jana.

Ukungu huo si wa kulala nao. Hospitali ina dawa za kuzuia ini lisiendelee kutengeneza sumu, na mashine ya kusafisha damu huondoa iliyokwisha kutengenezwa. Aliyechelewa kwa aibu, au kwa hofu ya polisi, anaweza kupona mwili na kubaki na neva zilizokufa. Wanaomleta waseme wazi alikunywa nini na saa ngapi, na kama walikunywa pamoja nao wapimwe, hata kama bado wanaona vizuri.

Cheche, saruji na matone

Ruiru ni mji unaojengwa. Sensa ya 2019 ilihesabu wakazi 490,120, karibu mara mbili ya Thika yenye 251,407, na nyumba za kuwahifadhi zinainuka kwa mawe ya machimbo ya Ndarugo, saruji, chokaa na vyuma vya kuchomelewa. Kwa hiyo macho mengi huku huumia kazini.

Fundi wa kuchomelea asiyevaa ngao hupata kisa kinachofuata saa kwa usahihi wa ajabu. Mchana hana neno. Saa sita hadi kumi na mbili baadaye, katikati ya usiku, macho yote mawili yanajaa mchanga, machozi yanamtiririka na hawezi kutazama balbu. Ni konea iliyoungua kwa miale ya urujuanimno, na kwa kawaida hupona ndani ya siku moja au mbili. Anayemuuzia matone ya ganzi ayapeleke nyumbani anamdhuru, kwa kuwa jicho lisilosikia maumivu halijui linapochunika.

Kipande cha chuma kilichoruka kutoka kwa patasi au grainda ni kinyume chake. Kinaweza kupenya jicho kwa kasi kubwa, kikaacha tundu dogo lisiloonekana na maumivu ya dakika kumi. Fundi anaendelea na kazi. Baada ya wiki kadhaa anaona masizi, au ukungu, na chuma kimeanza kutoa kutu ndani ya jicho na kuitia retina sumu. Aliyegonga chuma kwa chuma na kuhisi kitu kimeingia afanyiwe uchunguzi siku hiyo hiyo, jicho likiwa limekingwa kwa kitu kigumu kisicholigusa, hata kikombe cha karatasi, na asilisugue wala kujaribu kuchomoa chochote.

Saruji na chokaa haviwezi hata kusubiri bodaboda. Maji safi ya bomba, kope zikiwa zimefunguliwa kwa vidole, nusu saa bila kukatiza, kisha ndiyo safari ya hospitali. Chokaa huendelea kula konea wakati watu wanabishana juu ya nauli.

Halafu kuna kinachowekwa jichoni baadaye. Maziwa ya mama anayenyonyesha, maji ya majani, mate, na matone ya mchanganyiko wa steroidi na kiuavijasumu yanayouzwa kemisti kwa kila jicho jekundu. Ya kwanza huleta vijidudu kwenye kidonda. Ya mwisho hupunguza wekundu upesi, na hapo ndipo penye mtego: yakitumika kwenye kidonda cha kuvu ya mimea, kinachompata mkulima aliyekwaruzwa na jani, huilisha kuvu hiyo, na yakitumika kwa miezi, yanaweza kupandisha presha ya jicho na kuzalisha mtoto wa jicho kwa kijana wa sekondari.

Yanayokuja polepole

Kuna kundi ambalo halina haraka ya saa, lakini lina tarehe. Mtoto wa jicho hujitambulisha usiku, kwa kiwi. Taa za magari yanayokuja hutawanyika kama jua kwenye kioo chenye vumbi, na dereva wa Thika Road anaanza kukataa safari za jioni bila kusema kwa nini. Upasuaji huondoa tatizo. Mwenye kisukari naye hushangaa miwani ya Januari inapokosa kufaa Machi. Sukari inayopanda na kushuka hubadilisha lenzi ya jicho, hivyo ni busara sukari itulie kwanza ndipo pesa za miwani zitoke.

Glakoma ndiyo yenye hila zaidi. Hula pembeni kwanza, na ubongo hujaza mapengo kwa kubahatisha, kwa hiyo mgonjwa hasemi "sioni". Anasema anagonga watu sokoni. Neva ikishakufa hairudi. Watu wenye asili ya Kiafrika hupatwa zaidi, na mapema zaidi, na mwenye mzazi au ndugu mgonjwa ana sababu ya kupimwa presha ya macho kuanzia miaka 40, au kabla ya hapo, akiwa haoni tatizo lolote. Aina moja tu ya glakoma hupiga kelele: jicho jekundu lenye maumivu makali, upinde wa mvua kuzunguka kila taa, na kutapika. Kutapika huko kumewapeleka wengi kwenye dawa za tumbo na malaria, wakati jicho lilikuwa na saa chache tu.

Mistari inayopinda ni ishara ya kitovu cha retina. Marc Amsler, daktari wa Uswisi, alitengeneza kadi ya miraba ya kulichunguza jambo hili, lakini nyumba ya Ruiru ina zana zake: vigae vya bafu, grili za dirisha, daftari la hesabu la mtoto. Tazama kwa jicho moja moja. Mraba uliovimba au mstari wenye wimbi ambao jana haukuwepo unastahili kliniki ndani ya siku chache.

Rangi nazo huzungumza. Ethambutoli, mojawapo ya dawa nne za miezi miwili ya mwanzo ya matibabu ya kifua kikuu nchini Kenya, mara chache huathiri neva ya jicho, na nyekundu ikaanza kufifia kama kitambaa kilichofuliwa sana. Mgonjwa asiache dawa kwa uamuzi wake. Aende kliniki iliyompa siku hiyo, waibadilishe. Ikigunduliwa mapema, macho kwa kawaida hurejea.

Mtoto mdogo hawezi kujibu hata moja ya maswali manne, hivyo wengine humjibia. Mng'ao mweupe ndani ya mboni moja kwenye picha ya simu iliyopigwa kwa mwanga, au kengeza lililoanza ghafla, huweza kuwa saratani ya retina. Huo ni ugonjwa ambao ukiwahiwa mtoto huishi. Picha hiyo isifutwe. Iende hospitali pamoja na mtoto, wiki hiyo hiyo.

Watu wadogo ukutani

Mwaka 1760 mwanasayansi Charles Bonnet wa Geneva aliandika habari za babu yake, Charles Lullin, aliyekuwa karibu na miaka 90 na macho yaliyofifia. Mzee aliona wanaume na wanawake waliovaa vizuri, ndege, magari ya farasi na majengo, vyote kimya, na alijua vema kwamba havipo. Akili yake ilikuwa timamu. Ubongo unaponyimwa habari za kutosha kutoka machoni hujichorea zake.

Jambo hilo lina umuhimu wa pekee katika mji kama Thika, ambako Jeshi la Wokovu lilianzisha mwaka 1946 shule kongwe ya wasioona nchini, na ambako kila ukoo una shosho au guka aliyefifia macho. Shosho anayeona watoto wadogo wameketi ukutani mara nyingi hanyamazi kwa kuwa hajaona. Ananyamaza kwa kuhofia kuitwa mwenda wazimu, au kupelekwa kuombewa mapepo. Maluweluwe ya namna hii hayasemi, hayaamrishi, na huondoka akipepesa macho au taa ikiwashwa. Kumweleza kwamba yana jina ni nusu ya tiba, na nusu ya pili ni kupimwa, kwani huenda kilichomfifisha ni mtoto wa jicho anayeweza kuondolewa. Anayesikia sauti, mwenye homa au aliyechanganyikiwa ana tatizo jingine, nalo ni la daktari wa kawaida siku hiyo.

Kabla ya miwani

Kati ya Githurai na Thika ni rahisi kukutana na duka la miwani kabla ya kukutana na daktari wa macho, na kipimo kwenye duka mara nyingi ni cha bure. Mpimaji mwenye ujuzi ni msaada mkubwa, na wengi hutambua hatari na kumwandikia mtu barua. Lakini kusoma herufi ukutani kunapima kitovu cha uoni tu. Mtu mwenye mchaniko wa retina pembeni anaweza kusoma hadi mstari wa mwisho na kuondoka na fremu mpya. Hata simu ina kikomo hicho. Daktari Andrew Bastawrous na wenzake walionyesha Nakuru kwamba programu ya Peek hupima uwezo wa kuona karibu sawa na chati ya kliniki, lakini idadi ya herufi haimwambii mtu hali ya pembeni mwa retina.

Kinachoionyesha ni matone ya kupanua mboni na taa ya mchunguzi. Kazi hiyo hufanywa kwenye kliniki ya macho, kama ile ya Hospitali ya Thika Level 5, na mara nyingi anayeanza kukuona si daktari bingwa bali afisa wa kliniki aliyesomea macho, uti wa mgongo wa huduma hii nchini. Akikuta la kupeleka mbele, kuna Kitengo cha Macho cha PCEA Kikuyu kilichoko upande wa pili wa kaunti, au Lions SightFirst ya Loresho, Nairobi. Si kila hospitali inafanya upasuaji wa retina, hivyo ni vyema aliyepewa rufaa apige simu kabla ya kupanda gari, na aulize pia ni kiasi gani kinalipwa na bima ya afya ya umma ya SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Matone hayo huacha macho yakiona ukungu kwa saa kadhaa, kwa hiyo mwendesha bodaboda aje akiwa amebebwa.

Na mama wa matatu? Jirani yake wa kiti, aliyemwona akiziba jicho moja kisha la pili, alimuuliza kulikoni, na hakumwacha ashuke Makongeni hadi binti wa mama huyo alipopigiwa simu. Usiku huo kitengo cha dharura kinamlaza. Asubuhi ya mapema yuko kwenye benchi la kliniki ya macho, mboni zimepanuka, leso imefunika paji la uso kuzuia mwanga wa dirisha.

"Mama, hiki kivuli ulianza kukiona lini?"

"Jana jioni, daktari. Matatu ikipita Ruiru."

Daktari anaandika saa moja unusu, anavuta simu ya mezani, na kuomba nafasi kwenye chumba cha upasuaji.